Mwenye Ngozi ya Bawa

Mafuta yalikuwa yakitambaa kinyume na upepo.

Mhandisi aliinama kwenye kioo cha handaki la upepo, akatazama tena. Kila jaribio walipaka mafuta meusi juu ya bawa la mfano ili waone hewa inavyopita. Pangaboi kubwa la handaki likiwashwa, mafuta hukimbilia nyuma. Leo yalikuja mbele, polepole, yakinuka nywele zilizoungua.

"Zima, mwanangu, twende tukale," alimnong'oneza sikioni Fundi, mzee wa mashine ile.

"Nitakula baadaye. Mdogo wangu anarusha ndege yenye bawa kama hili mchana huu."

Wenzake wote, hesabu zao zikifika kwenye hewa inayogusa ngozi ya bawa, waliikisia kwa fomula moja wakaenda zao, maana misukosuko yake ingeilemea kompyuta yoyote. Yeye alikataa. Rubani alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na kwa huyo hakutaka kubahatisha. Alikokotoa mpaka kwenye ngozi yenyewe, mahali ambapo hewa haisogei hata chembe, hata ndege ikiipita sauti kwa kasi.

Ndipo kutoka ndani ya ngurumo ya pangaboi sauti ya mdogo wake ikaita, "Dada!"

"Nipo hapa!" akaitika bila kufikiri.

Fundi aliruka akakata umeme. "Umeitika? Umemwona aliyekuita?"

"Sijamwona."

"Ulidhani pale kwenye ngozi tunakisia kwa uvivu? Pale pana mwenyewe, mwanangu."

Mhandisi alitaka kucheka, lakini pangaboi lilikwisha kusimama na ngurumo haikusimama, ikawa inapungua na kuwa pumzi, pumzi ya mtu aliyelala kifudifudi karibu kabisa na kioo, na ile harufu ikamwingia kooni, naye akakimbia ukumbi mzima hadi kwenye chumba cha redio akiomba ndege iwe bado chini, na haikuwa chini.

Akamnyang'anya mwongoza ndege kipaza sauti. "Teremka! Ni mimi dada yako, teremka sasa hivi!"

Redio ilikwaruza. Kisha mdogo wake akajibu kwa sauti ya chini, ya mtu anayeogopa kusikiwa.

"Dada, utakuwaje huko? Si uko hapa nje, umelala juu ya bawa unanitazama? Na kwa kasi yote hii, nywele zako hata hazitikisiki."