Mihogo ya Kuwaitia Nyani

Kivuko cha Likoni kilikuwa kimejaa watu, baiskeli na makapu ya kuku, asubuhi moja ya mwaka 1956. Mwanarusi, ndani ya buibui jipya linalonukia udi, alikuwa akimtazama mwanamume mmoja kwa jicho la pembeni. Kaptura ya kaki iliyopigwa pasi ikakakamaa, soksi za sufu mpaka magotini, darubini kifuani. Jua la kuchoma vile, na soksi za sufu!

"Bibie, waniangalia sana," akasema yule mwanamume.

"Naiangalia darubini. Nyuma yake sijaona kitu."

Badala ya kuona haya, akacheka. Aliitwa Iddi, mwongozaji wa wageni katika hoteli moja ya Diani. Aliwapeleka Wazungu milima ya Shimba kuona palahala, wale swala wa pembe ndefu, akawaonyesha mbega na ndege hondohondo msituni, akawatajia majina ya miti.

"Watu watoka Ulaya kuja kutazama nyani?" Mwanarusi akasonya. "Sisi kwetu Galu twawafukuza tangu alfajiri. Kumbe ni waheshimiwa!"

Ulimi huo ndio uliomnasa Iddi. Kila Jumatano Mwanarusi alipopeleka kofia zake za kushona dukani kwa Chande, Ukunda, simu ya Iddi ilikuwa ikimngoja.

"Laazizi, umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri, mpaka nilipoisikia sauti yako."

"Leo wageni wangu wameona nyani thelathini, mahali pamoja!"

"Na wewe ukiwemo?"

Akikata simu, hucheka njia nzima mpaka nyumbani. Alikuwa amempenda mpumbavu yule, na jambo hilo lilimuudhi sana.

Kisha mihogo ya shambani kwao ikaanza kung'olewa na nyani. Mama yake, Bi Esha, alikuwa mjane, na shamba lile ndilo chakula chao cha mwaka. Jioni moja Mwanarusi akafuata nyayo za nyani mpaka ukingo wa msitu. Akamkuta Iddi amepiga magoti chini ya mti, akipanga mihogo iliyomenywa, huku wageni wakisubiri garini.

"Kumbe wawaandalia chakula kama wakwe! Wakimaliza chako waja kula chetu!"

"Rusi, mpenzi, wallahi sikujua kuwa shamba lenu liko karibu."

"Hukujua, na darubini unayo!"

Wiki tatu Chande alichoka kusema kwenye simu kwamba Mwanarusi hayupo. Ndipo Iddi akaja Galu kwa miguu.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba radhi. Mimi ndiye niliyewaita wale nyani."

Kabla Bi Esha hajaitikia, Mwanarusi akajibu kutoka ndani: "Dungu lile pale shambani. Panda ulinde mpaka tuvune."

Alisema hivyo ili amfukuze tu. Mwenye kaptura ya pasi atakaa juu ya jukwaa la miti na debe la kufukuzia nyani mkononi? Lakini Iddi alipanda, na kila jioni baada ya kazi akarudi kupanda tena.

Siku ya kumi na tatu kundi kubwa la nyani likaingia shambani, na nyuma yake gari la hoteli. Msimamizi akatoa kichwa dirishani. "Iddi! Usipige hilo debe! Wageni wanapiga picha! Ukipiga, kazi huna!"

Mwanarusi alikuwa amesimama katikati ya mihogo. Alijua Iddi angenyamaza. Tusi lilikuwa tayari mdomoni mwake.

Iddi akapiga debe. Akapiga na kupayuka mpaka nyani wa mwisho akaingia msituni, na wageni wakabaki kupiga picha vumbi. Msimamizi akamfukuza kazi palepale, mbele ya watu.

Tusi halikutoka. Mwanarusi aliona haya, kwa kuwa alimdharau mtu huyu mno, na alikuwa amekosea. Akapanda dungu, akaketi kando yake.

"Sasa huna kazi."

"Sina."

"Akili pia huna."

"Hata hiyo sina, laazizi."

"Wazee wako waje Ijumaa, baada ya sala, wazungumze na mjomba wangu." Akamwekea lile debe mapajani. "Na wewe usije. Nani atalinda mihogo?"