Nyayo za Chaki

Kitu cha kwanza kuhama kilikuwa benchi, na wala halikuwa benchi bado. Ilikuwa mistari minne ya chaki sakafuni. Fundi aliingia gerejini asubuhi na kikombe cha chai mkononi, akakuta benchi lake limetoka ukuta wa nyuma na kuja kukaa karibu na mlango. Mistari ilikuwa imenyooka vizuri, pembe zake nne zimekaa sawasawa, na pale lilipokuwa jana hapakuwa hata na vumbi la chaki iliyofutwa. Hakuogopa. Alimshuku mkewe, ambaye tangu wahamie hapo alikuwa na maoni kuhusu kila kitu, akanywa chai yake akijiandaa kugombana.

Seremala huyu mtaa mzima ulimwita Pima, kwa kuwa hakuwahi kukata ubao bila kuupima mara tatu na kuguna mara moja. Miaka thelathini alifanya kazi katika karakana za watu, akizunguka mashine zilizowekwa na watu wengine, akijigonga kiuno kwenye pembe za meza zisizo zake. Mkewe aliporithi nyumba hii, yenye gereji iliyokuwa ikilaza malori mawili ubavu kwa ubavu, Pima alisimama katikati yake akakosa la kusema, jambo ambalo mkewe alilisimulia kwa majirani wiki nzima. Hatimaye angekuwa na karakana yake. Si yake peke yake: yake na ya binti yao, mtoto wao wa pekee, aliyeitwa Maranda tangu akiwa na miaka mitatu kwa sababu ya kulala kwenye maranda ya mbao chini ya benchi la baba yake. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne, na mkono wake kwenye patasi ulikuwa mwepesi kuliko wa baba. Pima hakutaka kingine duniani zaidi ya kufanya kazi na binti yake, upande huu wa msumeno yeye, upande ule Maranda.

Mashine zilikuwa zije mwisho wa mwezi, na zilikuwa nzito, zikishakaa zimekaa. Kwa hiyo Pima alipanga kwanza kwa chaki, kila kitu kwa ukubwa wake halisi. Msumeno wa meza hapa, mashine ya randa pale, rafu ya mbao ukuta mrefu. Kisha alifanya alichokiita kutembeza kazi. Alinyoosha mikono mbele kama aliyebeba ubao wa futi kumi na mbili, akautoa kwenye rafu, akageuka nao, akaupitisha kwenye msumeno, ili ajue ni wapi ungegonga ukuta. Maranda alimfuata, naye kabeba hewa kwa uso mkavu kabisa, na mama yake alikaa mlangoni na bakuli la mchele anaochambua akicheka mpaka akapoteza hesabu ya mawe.

Ubao mrefu unahitaji mtu wa pili upande wa pili wa msumeno, aupokee unapotoka. Pima alimsimamisha Maranda mahali hapo, akapiga magoti, akachora kwa chaki kuzunguka viatu vyake vyote viwili.

"Hapa ni pako," alimwambia. "Hata ukiwa hupo, hapa pana mtu."

Aliyasema kwa mapenzi, na kwa muda mrefu baadaye angetamani awe amezaliwa bubu.

Siku iliyofuata Maranda alitumwa dukani kununua skrubu, na Pima akatembeza kazi peke yake. Alitoa ubao usiokuwepo kwenye rafu isiyokuwepo, akafika kwenye msumeno, akausukuma, na kwa mazoea tu akasema, "Shika huku." Mikono yake, ambayo haikuwa na kitu, ilihisi uzito. Halafu uzito ukapungua nusu, kama unavyopungua mwenzako anaposhika upande wake. Gereji ikajaa harufu ya mbao mbichi, iliyopasuliwa sasa hivi na bado ina maji, wakati humo ndani hapakuwa na hata kijiti. Pima alimalizia mkato wake hadi mwisho, kwa sababu fundi haachi ubao katikati. Kisha, kwa kuwa alilelewa vizuri, akasema, "Ahsante."

Alijiambia ni uzee. Asubuhi yake ndipo benchi lilipohama.

Mkewe aliapa hajagusa chaki, na alimwangalia kwa namna iliyomfanya aamini. Pima angeweza kuurudisha mpango wake. Lakini alisimama pale benchi lilipohamia, akageuka kushoto na kulia, akaona kwamba mwanga wa mlangoni ungeiangukia kazi bila kivuli cha bega, na kwamba kutoka msumenoni ni hatua mbili badala ya tano. Mpango ulikuwa mzuri kuliko wake. Kesho yake mashine ya randa ilihama, ikawa bora tena, na keshokutwa rafu. Mtu mwingine angetafuta kufuli. Yeye fundi alishindwa kufuta kitu kilichopangwa vizuri, akawaambia watu wa lori waweke mashine juu ya mistari ile ile.

Wiki ya tatu ya kazi Maranda alianza kuchoka. Mwanzoni uchovu wa kawaida, kisha akawa anaketi kwenye ndoo kati ya ubao na ubao, kisha akaacha kumaliza chakula. Hospitali walimpima kila kinachopimika wakasema yuko salama, apumzike. Nguo zikaanza kumning'inia. Mama yake akawa anamwangalia kwa pembe ya jicho wakati wa kula, na baba akawa anaangalia sahani yake mwenyewe.

Ilikuwa saa tisa alasiri, jua likiwaka uani. Pima alikuwa akipasua ubao mrefu kuliko zote. Msumeno ulikuwa ukinguruma, miwani imejaa unga wa mbao, naye akasema "Shika huku" bila kuinua macho, na ubao ukapokelewa, ukaenda sawa, bila kutikisika, mpaka mwisho. Alizima mashine. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Ulikuwa unamwambia nani ashike?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Maranda, nani tena."

"Maranda amelala tangu saa saba, baba yake. Njoo umwone. Njoo polepole."

Pima aliangalia ng'ambo ya msumeno, na ubao aliokwisha kuupasua ulikuwa bado umekaa hewani, umelingana na meza, ncha yake ya mbali haijaegemea chochote, na kisha, taratibu, kama mtu anavyoweka chini kitu asichotaka kukikwaruza, ukashushwa sakafuni. Unga wa mbao ulikuwa umetanda kila mahali, na ndani yake zilionekana alama za viatu vyake mwenyewe zikienda huku na huko, lakini za Maranda, aliyefanya kazi humo asubuhi nzima, hazikuwepo hata moja, wala za kuingia wala za kutoka, na pale palipochorwa kwa chaki palikuwa na nyayo mbili za miguu mitupu, ndefu, zenye vidole vilivyojikita kama vya mtu aliyesimama muda mrefu akibeba, na Maranda hakuwahi kuingia karakanani bila viatu.

Chumbani walimkuta binti yao amelala chali, amefumba macho, mikono yake miwili imenyooshwa mbele hewani, viganja juu, inatetemeka kwa uzito. "Nimeshika," alikuwa akinong'ona. "Nimeshika, Baba. Nimeshika." Mama yake aliishusha ile mikono ikapanda tena, akailalia kwa kifua chake ikamwinua, naye alikuwa mwanamke mzito, na baba akasimama mlangoni na miwani yake ya vumbi usoni hajui aguse nini.

Kesho yake alisugua sakafu kwa sabuni na brashi ya chuma, na ilipokauka nyayo za chaki zikarudi. Alizipaka rangi, zikapanda juu ya rangi. Alizitindua kwa patasi mpaka saruji ikaacha shimo, na asubuhi shimo lilikuwa limejaa, sakafu laini, nyayo mahali pake. Siku hiyo Pima aliketi kwenye ndoo ya binti yake akalia.

Mganga aliyeletwa na mkewe alikuwa bibi mdogo wa umbo, mwenye kukohoa, aliyeomba kwanza kiti, halafu maji, halafu aelezwe yote bila kurukwa. Alizunguka karakana akishika kila mashine. Alipofika kwenye zile nyayo alivua miwani yake, akaikunja.

"Fundi," alisema, "jini akiingia kwa mtu bila ruhusa namtoa, hata kwa siku saba. Huyu hakuingia. Ulimchorea mahali, ukampa kazi, akaifanya, ukamshukuru. Huyu ameajiriwa."

"Basi namfukuza kazi."

"Kwa kosa gani?"

Pima alipitisha kidole kwenye ukingo wa ubao wa mwisho waliopasua, umenyooka kama uzi. Hakuwahi kuwa na msaidizi mzuri kiasi hicho.

Bibi alieleza kwa sauti ndogo, akitupa macho kwenye zile nyayo kama mtu anayemsema aliye chumba cha pili. Viumbe hawa hawana nguvu za kwao za kushika vitu; hutumia za mwenye nafasi. Nyayo ni za binti, kwa hiyo binti ndiye anayeliwa. Lililowezekana ni binti kuiacha nafasi kwa kinywa chake, kisha aende mbali, na Pima aendelee kumpa yule kazi kila siku, bila kukosa, kwa nguvu kidogo atakazookota kwenye miti na kwenye mashine. Akiachishwa kazi atamrudia aliye karibu.

"Na binti akipata nafuu mwambieni ukweli," alimalizia. "Msimfiche."

Walimsimamisha Maranda juu ya nyayo zake, mama kamshika kwapani. Walimwambia ni vumbi la mbao, limemwingia kifuani, na kwamba ni desturi ya ufundi mtu aage kazi kwa kuitamka. Maranda alimwangalia baba yake.

"Baba, unanifukuza?"

"Ni kifua chako, mwanangu."

"Nafasi hii si yangu tena," Maranda alisema, na machozi yakamtoka, na unga wa mbao chini yake ukabonyea kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Alipelekwa kwa shangazi yake, safari ya siku nzima. Baada ya mwezi alikuwa amenenepa. Kumwambia ukweli kuliahirishwa. Mama alisema hofu itamrudisha kitandani, baba alisema tungoje apate nguvu, na alipopata nguvu wote wawili waliona vibaya kumharibia raha. Pima alifanya kazi kila siku, hata siku za homa. "Shika huku," alisema, na upande wa pili ukashikwa. Hakusema ahsante tena.

Mwezi wa tano tangu Maranda aondoke, siku ya Jumatatu, alisema "Shika huku" na ubao ukaanguka. Akarudia, ukaanguka. Wiki nzima alibeba pande zote mbili peke yake, na hakuna aliyemsaidia. Nyayo za chaki zilifutika kwa kitambaa kikavu. Mkewe aliingia karakanani kwa mara ya kwanza tangu siku ile Maranda alipoaga, akasimama katikati, akanusa, akasema hakuna harufu, na wakakumbatiana kama vijana. Pima alikuwa hoi kwa uchovu, mikono inamuuma usiku na mchana, lakini ni nani asingechoka kubeba mbao peke yake kwa umri wake. Wakapanga kumrudisha Maranda nyumbani.

Jumapili mchana Maranda alipiga simu yeye mwenyewe. Sauti yake ilikuwa na kicheko ndani. Shangazi alikuwa amempa banda la nyuma, lilikuwa limekaa bure. Amepata msumeno wa meza uliokwisha tumika, anavaa kitambaa puani, kifua kimetulia. Alitaka iwe habari ya kumshtua baba. Pima alisikiliza akitembea, kutoka benchini hadi mlangoni.

"Nimepanga kwa chaki kama ulivyonifundisha, Baba. Usinicheke. Upande wa pili wa msumeno nimechora mtu."

Pima alisimama.

"Nyayo za nani, mwanangu? Zako?"

"Zako, Baba. Niliondoka na viatu vyako vya kazi, vile vya zamani. Nikasema hata akiwa hayupo, pana mtu. Na Jumatatu nilipotembeza kazi nikasema shika huku, Baba, nakuapia, nilihisi kama upo. Nikakushukuru kabisa."

Pima alitazama nyuma yake. Tangu benchini hadi mlangoni unga wa mbao ulikuwa umetulia, laini, hauna alama hata moja. Mdomo wake ulikuwa wazi, na yote aliyopaswa kumwambia miezi mitano iliyopita yalikuwa pale ulimini. Angemwambia, Maranda angeogopa, angeuacha msumeno na kukimbia. Na yule, akikosa kazi, angemrudia aliye karibu, na aliye karibu naye sasa alikuwa Maranda.

"Zangu," alisema. "Una hakika ni zangu."

"Si nakwambia."

"Basi vizuri. Umefanya vizuri, mwanangu. Usizifute. Na usichore zako, unanisikia? Zako usichore kamwe."

Maranda alicheka, akamwambia amsalimie mama, ana ubao mmoja wa kumalizia kabla ya chakula. Simu ikakatika. Pima aliiweka juu ya benchi, polepole, akasubiri. Uani mkewe alikuwa akiimba akianika shuka za kitanda cha Maranda. Kisha harufu ya mbao mbichi ikaja, na mikono yake ikainuka mbele yake bila ya yeye kuiinua, viganja juu, na ikaanza kutetemeka.

"Nimeshika," alisema.