Hatua Mbili Zilizofutwa

Kila siku baada ya shule, binti alipangusa meza ya jikoni, akafungua kompyuta, akamsubiri mama yake. Mama alikuwa muuguzi wa zahanati, na jioni alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Aliweza kumdunga mtoto sindano kabla mtoto hajakumbuka kulia, lakini kuchapa kulimshinda. Alidonoa herufi moja moja kama kuku achaguaye punje. Kwa hiyo mama alisoma daftari lake kwa sauti, na binti akachapa.

Walichapa kwenye ukurasa wa mtandaoni uliotumiwa na darasa zima la mama. Kila mwanafunzi aliandika sehemu yake, na mwenzake yeyote aliweza kuongeza au kurekebisha. Mwisho wa mwezi mhadhiri angesoma na kumpa kila mmoja alama zake.

Shuleni, wenzake walimwita binti huyo Mhariri, kwa kuwa hakuna insha iliyopita mbele yake ikasalimika. Mwalimu wao alikuwa amewafundisha kuwa jambo likisemwa mara moja linatosha. Basi siku moja, mama alipokwenda kuinjika chai, Mhariri alisoma sehemu ya mwanafunzi mwenye umri mkubwa kuliko wote, muuguzi ambaye darasa lilimwita Babu. Ilieleza hatua za kusafisha na kufunga kidonda. "Nawa mikono" ilitokea mara tatu. Maskini, Babu anajirudia, aliwaza. Akabakisha ya kwanza, akafuta mbili. Hakumwambia mtu, aliona amemtendea mzee wa watu hisani.

Wiki iliyofuata mama alirudi kutoka kazini amenyong'onyea. Alisimulia kwamba mhadhiri aliandika pembeni mwa sehemu ya Babu kuwa hatua mbili hazipo, na mgonjwa angeambukizwa. Babu alishikilia kwamba aliziandika. Vijana wa darasa wakamtania kuwa uzee umeanza kumla kumbukumbu, na mwanzoni alicheka nao. Siku hiyo hakucheka. Alimpigia mama simu akasema huenda ni kweli, na muuguzi anayesahau kunawa hafai kugusa mgonjwa. Kesho angeandika barua ya kuacha masomo.

"Mama, kwani mtu akishanawa mara moja, mikono si safi?" Mhariri aliuliza.

"Unanawa kabla ya kuanza. Ukishatoa bandeji chafu, unavua glavu, unanawa tena ndipo uguse bandeji safi. Ukimaliza unanawa, usije ukampelekea uchafu mgonjwa wa kitanda cha pili. Huko si kujirudia, mwanangu. Kila mara ina sababu yake."

Binti alitazama vidole vyake. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyemwona. Lakini alimfikiria mzee yule ameketi mahali fulani, anatafuta maneno ya barua.

"Babu hakusahau," alisema. "Ni mimi niliyefuta."

Chai waliyoinjika ilifurika ikazima moto, na hakuna aliyeinuka. Kisha mama akamsogezea simu. "Mwambie mwenyewe. Mimi nipo hapa."

Binti alimwamkia Babu, akaeleza yote. Babu akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Siku tatu najitafuta kichwani, mjukuu wangu, kumbe nipo kwako," alisema. "Barua siandiki tena."

Mama alimpigia pia mhadhiri, akaelekezwa mahali ambapo ukurasa huhifadhi kila badiliko na jina la aliyelifanya. Jina lililokuwapo lilikuwa la mama, kwa kuwa binti alichapa kwa akaunti yake. Binti akainamisha kichwa. Mama alibonyeza mara moja, na hatua mbili za Babu zikarudi. Mhadhiri akaahidi kuisoma upya sehemu hiyo. Chini yake binti aliandika ukweli wote, ili wale vijana nao wausome.

"Ukurasa huu ni kama meza yetu," mama alisema akimkumbatia. "Wote tunakula hapa, ila sahani ya mwenzako huiondoi kabla hujamuuliza kama ameshiba. Na ukikosea, sema mapema. Kidonda kinachofichwa ndicho kinachooza. Haya, nenda ukanawe, tunywe chai iliyobaki."

"Ninawe mara ngapi?"

Mama akacheka, kwa mara ya kwanza jioni ile. "Kwa chai, mara moja inatosha."