Sarafu ya Kitanda cha Hulkar

Droo ya sarafu ilianza kunuka maziwa ya mama siku ya Jumatatu. Matniyoz alidhani paka amezaa chini ya kabati. Akainama, akachungulia. Vumbi tupu.

Moyoni alijua. Kwa miaka ishirini alikusanya sarafu za makhan, watawala wa kale wa Khiva, akaikosa moja tu ya fedha. Akaja kuiona kwenye sherehe ya kumlaza kitandani mara ya kwanza Hulkar, mtoto wa dada yake, imeshonwa kwenye hirizi ya kitanda cha kubembea. Watu wakiwa kwenye pilau, akaikata kwa mkasi wa kucha, akashona ya bandia. Mkusanyaji na mwizi ni ndugu, ila mmoja ana kabati la kioo.

Harufu ilipomkosesha raha, akaiosha sarafu kwa ndimu na chumvi mpaka ikang'aa. Ikaacha kunuka. Adhuhuri hiyohiyo dada yake, Bikajon, akampigia simu, akinong'ona.

"Kaka, njoo. Hulkar hanyonyi. Na kitanda kinabembea chenyewe."

Akaitia sarafu mfukoni, akaenda mbio. Jua lilikuwa utosini, lakini chumba kile kilikuwa baridi, na mtoto alikuwa amelegea mikononi mwa mama yake huku kitanda kitupu kikienda na kurudi, kwii, kwii, na ukingoni pake zikining'inia nywele ndefu za njano ambazo hazikuwa na kichwa. Albasti, jini avamiaye wanawake waliojifungua na vichanga vyao, alikuwa amefika.

Bibi Anorgul, mganga aliyekuwa ameketi pembeni, akanyoosha kiganja kana kwamba anajua kilichomo mfukoni. Matniyoz akampa sarafu.

"Umeiosha," bibi akasema taratibu. "Mama saba waliishika wakiomba. Maombi yao ndiyo yaliyomzuia. Sasa ni fedha tu."

"Nifanye nini, bibi?"

"Umemfungulia mlango, mkaribishe kwako. Ila kwanza mwambie mama mtu ulichofanya. Huyu haitikii mwaliko wa mwongo."

Aibu ilimchoma kuliko hofu.

"Niliiba, Bikajon. Niliikata wakati unanipakulia chakula." Akakigeukia kitanda. "Twende kwangu."

Kitanda kikasimama. Hulkar akalia, akashika ziwa, akanyonya kwa pupa. Matniyoz akanyoosha mkono amguse mpwa wake, machozi yakimtoka.

Bikajon akamgeuzia mgongo, mtoto kifuani.

"Usimguse. Umeshaalika mgeni, kaka. Nenda naye."