Hatua ya Tisa Haina Pa Kutokea

"Kuhama kwa Ukuta Mmoja (1) wa Hatua ya Tisa Bila Fomu ya Mabadiliko." Ndivyo kilivyosomeka kichwa cha barua ambayo Meneja alimwandikia mbunifu wa mizingile, mwanamke aliyekuwa akitengeneza mchezo wa kompyuta wa kutafuta njia. Alitakiwa ajieleze kabla ya saa nane mchana.

"Sikuuhamisha mimi," mbunifu alimnong'oneza mdogo wake, ambaye ndiye aliyekuwa mjaribu. Kazi yake ilikuwa kupotea kutwa nzima kwa niaba ya wanunuzi, na kuandika ni wapi hasira zilimpanda.

"Basi umejihamisha wenyewe, dada. Na hiyo hatua ya tisa nimeizunguka siku tatu. Huo si ugumu, ni dhuluma."

"Mchezaji akishindwa ajilaumu mwenyewe. Ndiyo raha ya mzingile."

"Ajilaumu kama njia ipo. Ipo?"

Mbunifu akajifanya anatafuta kalamu. Njia haikuwepo. Meneja alikuwa amelalamika kwamba hatua ile inamalizwa upesi mno, mbunifu akaufuta mlango wa kutokea, kwa siku mbili tu, aone watu watahangaika kiasi gani. Siku zilipita, akaona haya kusema.

"Haya, sikiliza," mdogo wake akamvisha vipokea sauti.

Hatua ya tisa ilikuwa haijawekewa sauti yoyote. Lakini ndani yake mlikuwa na nyayo. Zilitembea, zikasita, zikarudi, kama za mtu anayepapasa kuta gizani. Kisha ikaja harufu ya nywele zilizoungua, nayo ilitoka koridoni.

Meneja alipoelezwa kwamba huenda ni jini, alifungua kitabu cha wageni. "Jini? Simwoni humu."

"Jini haandiki jina, bosi," mjaribu akamjibu.

"Basi kiutawala hajaingia."

Mdogo mtu akacheka, akaenda chooni, mwisho wa korido, hatua kumi na mbili. Robo saa ikapita. Mbunifu akachungulia, na ile korido iliyonyooka tangu jengo lijengwe ilikuwa na kona, na nyuma ya kona ile kona nyingine, na kutoka huko, au kutoka ndani ya plasta, au kutoka kwenye vipokea sauti vilivyokuwa bado shingoni mwake, ikaja sauti ya mdogo wake, ndogo, imekauka:

"Dada, mlango wa ofisi nimeufungua mara nne. Nyuma yake ni ukuta."

Halafu sauti nyingine, ya kukwaruza, iliyochoka zaidi ya kukasirika:

"Pa kuingia uliweka, nikaingia. Pa kutokea ukafuta. Nimezunguka hata sijui siku ngapi. Na yeye azunguke."

Mbunifu alirudi mbio. "Bosi, naurudisha mlango!"

"Jaza kwanza—"

"Mdogo wangu yumo ukutani!"

Ngumi ziligonga upande wa pili wa kabati la mafaili. Meneja, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, akasema, "Rudisha. Fomu kesho."

Vidole vikaruka juu ya vitufe, na kwenye kioo cha kompyuta vikatokea vivuli viwili badala ya kimoja, kimoja kifupi kikikimbia huku kimeshika ukuta, kingine kirefu kikikimbia bila kugusa chini, vyote vikiuelekea mlango uliokuwa ukiandikwa, naye mbunifu akawa analia na kuandika, "Kimbia mdogo wangu, kimbia," na kwa mazoea ya mikono akauandika kama milango yote aliyowahi kuitengeneza: ukishampitisha mchezaji mmoja, unajifunga na kufutika.

Mlango ulifunguka mara moja tu, ukafutika. Aliyetoka ni jini.