Mtungi wa Nyuki

Mtungi wa kioo ulikuwa umetoweka mezani, na kitasa cha karakana hakikuwa na hata mkwaruzo.

"Nani ana ufunguo?" aliuliza Inspekta Rabia.

"Miye, Herieth, na mama yake," alijibu Adolphe, msanii wa vioo kutoka kambi ya Nyarugusu. Macho yalikuwa yamemwiva. "Sikia, chef: mwenye hoteli ya Kibondo anakuja leo kuuona. Akiukosa, agizo hakuna. Tanuri letu litazimwa."

Herieth, mwenzake, ndiye aliyebuni umbo: masega kuanzia kitakoni, nyuki wakipanda hadi mdomoni. Waliyeyusha chupa kuukuu, wakapuliza, ikapasuka mitungi kadhaa. Huu tu ndio uliopoa salama.

Rabia, mwana wa Tanga asiyejua kununa hata kazini, alipiga magoti. Chini ya meza palikuwa na vipande vya majani makavu ya mgomba.

"Herieth, mnafuga mbuzi humu?"

"Hapana, afande."

"Basi hapa pamesokotwa ingata. Mwizi wenu kajitwisha mtungi kichwani, akapita njiani kweupe! Nimekamata wezi wengi, wa namna hii sijamwona. Mama yako yuko wapi?"

Herieth alishika mdomo. "Kwenye mizinga ya nyuki."

Walimkuta Mama Philomena akiteremka kilima, mtungi kichwani, mikono ikining'inia. Adolphe alifumba macho.

"Mwakeye, afande," mama alisalimu Kiha.

"Mama, umeiba?"

"Nimechukua."

"Bila kusema?"

"Ningesema, wangenikataza. Vijana hawa walitaka kumkabidhi mgeni chombo kitupu! Kwetu Buha ni kumwambia nyumba hii ina njaa. Niaibike uzeeni kwa sababu ya usanii?"

Aliutua juani. Ulikuwa umejaa asali hadi shingoni. Jana nyuki wa kioo walififia; sasa kila bawa lilionekana, wakawa kama wanatoka mzingani.

Adolphe alicheka huku machozi yakimtoka. "Maman, ni hii tu ilikuwa inakosekana!"

Mwenye hoteli alipofika aliuzunguka mtungi, kisha akaagiza mitungi ya vyumba vyote. Kila mmoja uje na asali yake, alisema.

Rabia alipoaga, Mama Philomena alimpa bakuli la asali.

"Mama, wanipa rushwa mchana?"

"Nakupa asali. Bakuli ni langu, nalitaka. Na usilirudishe tupu."