Maiti Mezani kwa Bwana Vasso

Kioo cha ishara kilimulika kutoka ukingo wa msitu wa Kigwena.

Asmani alishika darubini yake ya Zeiss, akaisoma amri herufi kwa herufi.

ACHA BUNDUKI. JIFUNZE BRIJI.

Akatukana. Akaomba irudiwe, labda jua lilimchezea.

Halikumchezea.

Asmani alikuwa mpelelezi wa boma la Wajerumani, mzaliwa wa Minago, mtu aliyezoea kufanya kazi peke yake na bastola yake ya Mauser kiunoni. Safari hii moyo ulikuwa unamwaka. Mariyamu, dada yake, alikuwa ametekwa ufukweni pamoja na wanawake wengine, na Rumonge nzima ilimjua mtekaji: Bwana Vasso, Mzungu asiye na bendera. Kwa Wajerumani alijiita Mgiriki, kwa Wabelgiji akajiita Mwitalia. Aliwauza watu ng'ambo ya ziwa, akaletewa bunduki.

Askari walikwisha kumvamia zaidi ya mara moja. Kila walipokaribia, pembe ililia njiani, mateka wakavushwa kwa mitumbwi, na askari wakakuta mapipa ya mawese tu. Alitakiwa mtu wa kuwa ndani ya nyumba ya Vasso mchana kweupe. Na Vasso hakumkaribisha mtu ndani ila mcheza briji.

"Karata!" Asmani alifoka. "Dada yangu amefungwa, mimi nikae nicheze karata!"

"Kaa chini, mwanangu," alisema Bi Zuwena. "Hasira haifungue mulango."

Bi Zuwena alikuwa mjane mwuza mawese. Mchezo huo aliujua tangu Usumbura, alikofundishwa na bibi mmoja wa Kizungu aliyekosa mtu wa nne mezani.

"Sikia. Iko watu wane, wawili kwa wawili. Miye na weye upande mumoja. Kila mutu anatupa karata moja, kubwa inabeba mukono. Mbele ya kucheza tunanadi: turufu iwe nini, na tutabeba mikono mingapi. Upande wetu ukishinda mnada, mwenye kutaja turufu ile kwanza ndiye anacheza. Mwenzake anafunua karata zake zote mezani, ananyamaza. Huyo tunamuita maiti."

"Na maiti anafanya nini?"

"Hakuna. Anaweza kuinuka akakunywe mayi."

Asmani akamtazama. Bi Zuwena akaitikia kwa kichwa polepole.

"Ndiyo maana wamekutuma. Maiti uwe weye."

Kusema ni rahisi. Asmani hakuweza kuona karata nzuri mkononi mwake akamwachia mtu mwingine raha yake. Bi Zuwena alipotupa ree, karata kubwa kuliko zote, Asmani aliikata kwa turufu.

"Weye! Mukono ulikuwa wetu tayari! Unanikata juu ya nini?"

"Nilitaka kuhakikisha, mama."

"Umehakikisha ujinga."

Tena alikonyeza. Barazani kwao, kumkonyeza mwenzako ni nusu ya mchezo: jicho la kulia unayo turufu, la kushoto huna. Kwenye briji huo ni wizi. Bi Zuwena alimpiga vidole kwa mwiko mpaka vikavimba.

Siku ya siku ikafika, Asmani na Bi Zuwena wakaalikwa kucheza. Kibaraza cha Vasso kilitazama ziwa. Vasso alikaa na karani wake, Maneno, ambaye alimfundisha mchezo yeye mwenyewe ili asikose mwenzi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ghala, na mlinzi mlangoni.

Mgao wa kwanza tu, jicho la Asmani likacheza lenyewe.

Vasso aliweka bastola yake ya Browning mezani.

"Hapa hatukonyezani. Rudia, utakwenda kuwakonyeza samaki."

Asmani akainamia karata zake. Mgao uliofuata akapata karata za ajabu. Alijua la kufanya, na hakulifanya. Akanadi, akacheza, akashinda. Wa tatu vilevile. Maneno alimsifu, naye akacheka kama mjinga, mpaka aliposikia makasia.

Mitumbwi ilikuwa inakuja kuwachukua mateka. Na yeye alikuwa amekaa.

"Leo umeshinda sana, mwanangu," alisema Bi Zuwena akichanganya karata. Sauti yake ilikuwa baridi.

Aibu ilimchoma. Alijifunga mwenyewe kwenye kiti kile, kwa kamba ya sifa.

Karata zikagawiwa tena. Asmani alizifungua na karibu alie. Shupaza tupu! Ree, mfalme, malkia, na wadogo zao wamepangana. Hakuwahi kupata karata kama hizo, na alijua hatazipata tena.

"Kopa moja," alinadi Bi Zuwena.

"Uru mbili," alisema Vasso, macho yakiwa usoni kwa Asmani.

Hakuna kukonyeza. Hakuna kuuliza. Ulimi wake uliitaka shupaza kama mgonjwa anavyotaka maji. Kule ghalani Mariyamu alikuwa anasikia makasia yale yale.

"Kopa nne," alisema Asmani.

Maneno akapita bila kunadi. Wote wakapita. Asmani akazifunua shupaza zake mezani, akasimama.

"Maiti anakwenda kunywa maji."

Vasso alicheka bila kumtazama. Macho yake yalikwisha kuzama kwenye karata.

Asmani akazunguka nyumba. Mlinzi alikuwa amegeuka kutazama mitumbwi. Kitako cha Mauser, aliyoificha ndani ya kanzu, kisogoni. Chini. Ufunguo kiunoni mwake. Mapipa, na nyuma ya mapipa ukuta wa mbao. Kisu cha Solingen kikang'oa ubao, kisha wa pili.

Macho yalimtazama gizani.

"Mariyamu?"

"Asmani? Iko weye kweli?"

"Nyamazeni. Msitoke bado."

Akatoka mlangoni, akatoa kioo kidogo, akashika jua la jioni, akalielekeza Kigwena.

WAPO. NJOO.

Jibu la Swedi, mwenye kioo kule msituni, likaja papo hapo.

TUKO KARIBU.

Mashua ya boma ikachomoka ukingoni mwa msitu. Mitumbwi ikageuza, imechelewa. Firimbi ya askari ikalia.

Pale kibarazani Vasso alikurupuka, mkono ukaifuata Browning. Ulikuta mkono wa Bi Zuwena umeifunika.

"Bado karata moja, Bwana. Maliza."

Mdomo wa Mauser ukamgusa shingoni.

"Maliza," alisema Asmani.

Vasso akatupa uru ya mwisho. Ikabeba mkono.

"Tumeshindwa?" Asmani hakuamini. "Na shupaza zile?"

"Tumeshindwa kwa mukono mumoja," alisema Bi Zuwena. "Nilimupa mikono kusudi. Mutu anayepoteza anainuka. Anayeshinda anakaa."

Asmani alitaka kubishana. Shupaza zile zilimuuma kweli. Akawakabidhi Vasso na Maneno kwa askari, akawatoa wanawake ghalani, akawasha sigara, akashika njia ya Minago bila kugeuka, dada yake pembeni.

Njiani Mariyamu alimgeukia.

"Nilisikia sauti yako kule kibarazani. Tangu mchana. Ulikuwa unacheka."

Asmani akaitupa sigara.

"Nilikuwa nashinda," alisema. "Nisamehe."